Mpango Mmoja, Ofisi Nyingi: Uratibu wa Taasisi za Serikali na Wajibu Wetu

Hotuba iliyotolewa na ofisi ya miradi katika mkutano wa mwaka wa kamati za maendeleo za parokia na wahisani





Mada tuliyopewa inahusu uratibu wa taasisi za Serikali katika kutekeleza mipango ya uchumi ya Taifa. Tulipoiona kwenye ratiba tulijua kwamba baadhi yenu mtajiuliza: hayo si mambo ya Dodoma, ya makatibu wakuu na wachumi? Kamati ya parokia, ambayo kazi yake ni kuhimiza michango ya saruji na kusimamia mafundi, inahusikaje? Kwa hiyo tunaomba tuanzie mahali ambapo wengi wetu tunapafahamu, yaani kwenye mlango wa zahanati uliofungwa kwa kufuli.

Kufuli la zahanati

Mwaka 2007 Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, uliojulikana kwa kifupi kama MMAM, uliokusudiwa kuchukua miaka kumi hadi 2017. Lengo lake lilieleweka na kila mtu: kila kijiji kiwe na zahanati, na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi walitakiwa kuanza kwa nguvu zao wenyewe, na Serikali iwaunge mkono.

Katika kijiji kimoja cha eneo letu tuliupokea mpango huo kwa moyo wote. Wananchi walifyatua matofali, wakasomba mawe na mchanga. Parokia ilikusanya michango, na wahisani walitoa mabati, saruji, milango na madirisha. Jengo lilikamilika, likapakwa rangi, likabarikiwa. Picha zilipigwa, na moja ilitoka katika jarida hili. Makubaliano yalikuwa kwamba jengo litakabidhiwa kwa halmashauri ya wilaya ili liwe zahanati ya kijiji. Likakabidhiwa. Kisha mlango ukafungwa kwa kufuli, na kufuli hilo lilikaa pale kwa zaidi ya miaka miwili.

Tulipokwenda kuuliza, tulipokelewa vizuri kila mahali. Halmashauri ilitueleza kwamba mganga na muuguzi wa zahanati ile hawakuwemo katika ikama ya mwaka ule, na kwamba halmashauri haiajiri bila kibali cha Utumishi. Utumishi nao hutoa kibali kwa kuangalia fedha za mishahara ambazo Hazina imeridhia. Dawa hutoka Bohari ya Dawa, lakini Bohari haipeleki dawa kwenye kituo ambacho hakijasajiliwa. Usajili ulihitaji maji, vyoo, mahali pa kuteketezea taka na nyumba ya mtumishi. Maji ya kijiji kile yalikuwa katika mpango wa idara nyingine, wa mwaka mwingine. Umeme ulisubiri nguzo. Barabara ilisubiri greda.

Ndugu zetu, kila ofisi ilikuwa sahihi kwa upande wake. Hatukukuta mtu aliyekula fedha, wala hatukukuta aliyelala kazini. Tuliwakuta watumishi wanaofuata taratibu zao, kila mmoja ndani ya chumba chake. Na zahanati ilikuwa imefungwa.

Katika kipindi hicho mama mmoja aliyekuwa akipelekwa usiku kituo cha afya cha mbali alishindwa kuendelea na safari. Waliokuwa wakimsindikiza walimlaza kwenye kibaraza cha zahanati ile, akajifungulia pale, mlango ukiwa umefungwa mgongoni mwake. Kwa neema ya Mungu mama alipona na mtoto alipona. Lakini sisi tulioibariki nyumba ile hatujasahau.

Tuliporudi ofisini tulifungua jalada la mradi. Tulikuta michoro, stakabadhi, hati za malipo na picha. Hatukukuta barua hata moja kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ya kuomba watumishi. Hatukukuta muhtasari wa kikao chochote tulichokaa na watu wa maji. Tulikuwa tumewanyooshea kidole wenzetu wa Serikali kwamba hawasemezani, kumbe na sisi tulikuwa ofisi mojawapo isiyosemezana na nyingine.

Jambo dogo lahitaji ofisi nane

Hebu tuhesabu pamoja. Ili mama mjamzito apimwe katika zahanati ya kijiji, inahitajika Wizara ya Afya itoe sera na miongozo. TAMISEMI na halmashauri wasimamie kituo. Utumishi watoe kibali cha ajira. Hazina itoe fedha. Bohari ya Dawa ilete dawa. Mamlaka ya maji ilete maji. TANESCO ilete umeme. Na wa barabara wahakikishe gari linapita. Hizo ni ofisi nane kwa kitanda kimoja.

Na siku hizi mgawanyo huo umekuwa mpana zaidi. Mwaka 2017 kazi ya barabara za vijijini na mijini ilipewa chombo chake, TARURA. Mwaka 2019, kwa Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira, kazi ya maji vijijini ilipewa RUWASA. Kabla ya hapo mhandisi wa maji na mhandisi wa barabara walikuwa wakuu wa idara ndani ya halmashauri, wakikaa kikao kimoja na Mganga Mkuu na Afisa Elimu chini ya Mkurugenzi mmoja. Hatusemi kwamba mabadiliko hayo yalikuwa mabaya. Chombo chenye kazi moja huifahamu kazi yake vizuri, na maeneo mengi yamepata maji na madaraja kwa sababu hiyo. Tunachosema ni kwamba kila chombo kipya kinapozaliwa, huzaliwa pia mpaka mpya kati yake na wenzake, na mipakani ndiko miradi hukwama.

Hiyo ndiyo maana ya neno uratibu. Uratibu ni kazi ya kuhakikisha kwamba ofisi moja ikimaliza sehemu yake, ofisi inayofuata iko tayari kupokea. Kuongeza ofisi juu ya ofisi, au kuitisha semina, hakuleti uratibu ikiwa makabidhiano hayo hayapo.

Taifa limejaribu mara nyingi

Tusidhani kwamba viongozi wetu hawakuliona tatizo hili. Historia ya mipango yetu ni historia ya kutafuta nani awaunganishe wengine.

Baada ya Uhuru tulikuwa na mpango wa miaka mitatu, 1961 hadi 1964, kisha Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano kuanzia 1964 na wa Pili kuanzia 1969. Mwaka 1972 yalikuja Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa kuwapeleka wataalamu wa wizara karibu na wananchi, wafanye kazi pamoja mikoani na wilayani. Lakini halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa, hivyo wataalamu walikutana wao kwa wao huku mwananchi akibaki nje ya mlango. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa, na zilianza kazi tena mwaka 1984.

Mwaka 1989 ilitungwa sheria ya kuunda Tume ya Mipango. Baadaye kazi ya kupanga ilihamahama: mara ikawa wizara, mara ikarudi kuwa Tume chini ya Ofisi ya Rais mwaka 2008, mara ikaunganishwa na fedha katika Wizara ya Fedha na Mipango mwishoni mwa 2015. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria mpya, na Tume ya Mipango ikaundwa upya chini ya Ofisi ya Rais. Sababu ya kuhamahama huku si ya kuchekwa. Mpangaji akikaa mbali na mwenye fedha, mpango huwa mzuri lakini hauna fedha. Akikaa ndani ya nyumba ya mwenye fedha, mahitaji ya mwezi huu humeza mipango ya miaka kumi ijayo. Nchi nyingi zimehangaika na swali hilo hilo.

Pamoja na hayo tulikuwa na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, na chini yake MKUKUTA wa Kwanza kuanzia 2005, MKUKUTA wa Pili kuanzia 2010, na Mipango ya Maendeleo ya Miaka Mitano kuanzia mwaka wa fedha 2011/12, ambapo wa Tatu ulipangwa kuishia 2025/26. Kamati nyingi za parokia zilihudhuria semina za MKUKUTA na bado mna vijitabu vyake kabatini. Sasa ipo Dira 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, na utekelezaji wake ulipangwa kuanza Julai 2026.

Katikati ya safari hiyo kulikuwa na jaribio moja ambalo tungependa mlikumbuke. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha Matokeo Makubwa Sasa, kwa kujifunza kutoka Malaysia. Badala ya kutaka yote kwa pamoja, yalichaguliwa maeneo sita ya kuanzia: kilimo, elimu, maji, nishati, uchukuzi na ukusanyaji wa mapato. Wataalamu wa wizara na taasisi mbalimbali walifungiwa pamoja kwa wiki kadhaa katika kile kilichoitwa maabara. Walitakiwa wasitoke na maneno ya jumla, bali na orodha ya kazi, tarehe, na jina la anayewajibika kwa kila kazi. Kiliundwa kitengo chini ya Ofisi ya Rais cha kufuatilia.

Kitengo hicho hakipo tena, na si kila lengo lilifikiwa. Lakini tunadhani somo lake halikufa. Mambo matatu yalikuwa sahihi: meza moja, orodha moja, na jina la mtu mbele ya kila kazi. Hayo hayahitaji sheria ya Bunge. Yanaweza kufanyika chini ya mwembe.

Kalenda ambayo hatukuifuata

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tunaamini limetugharimu kuliko yote, nalo ni kalenda.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Lakini anayekwenda halmashauri mwezi Juni kuomba jambo liingizwe katika bajeti amekwisha chelewa. Kwa kawaida Novemba Bunge hujadili mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata, pamoja na mwongozo wa kuandaa bajeti. Vijiji hutakiwa kuibua vipaumbele vyao kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vikapita Mkutano Mkuu wa Kijiji, vikaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, vikafika halmashauri. Mwanzoni mwa mwaka Baraza la Madiwani hujadili na kupitisha. Mpango hupita mkoani, hupelekwa Dodoma kuchambuliwa, na kuanzia Aprili wizara husoma makadirio yake Bungeni. Bajeti kuu husomwa Juni.

Kwa maneno mengine, mlango wa mwananchi kuingiza hoja yake katika mpango uko wazi zaidi kati ya Septemba na Januari. Baada ya hapo huanza kufungwa, ofisi moja baada ya nyingine.

Je, sisi tunafanyaje? Mwaka wetu wa fedha, kama ulivyo wa wahisani wetu wengi, huanza Januari. Maombi tunayapeleka katikati ya mwaka, majibu huja mwishoni, na fedha hufika Februari au Machi. Kwa furaha tunakwenda kijijini kuchimba msingi. Wakati huo halmashauri imekwisha funga mpango wake, na katika mpango huo jengo letu halimo. Jengo linakamilika Oktoba. Muuguzi anaweza kuombwa katika mpango unaofuata, ambao utaanza Julai, na kibali kikipatikana anaweza kufika baada ya miezi mingine kadhaa. Hapo ndipo kufuli linapopata kazi. Hatukuibiwa miaka ile miwili na mtu yeyote, tuliipoteza kwa kufuata kalenda mbili zisizokutana.

Tunasema pia bila kuficha kwamba hata jambo likiingia katika mpango, si lazima litekelezwe. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha mara kwa mara fedha za maendeleo zilizochelewa au kutofika kwa ukamilifu, na miradi iliyokamilika bila kutumika. Wahenga walisema mipango si matumizi. Lakini tofauti ni kubwa. Jambo lililo katika mpango likikwama, diwani anaweza kuuliza, mwananchi anaweza kuuliza, mkaguzi ataandika. Jambo lisilo katika mpango likikwama, hakuna wa kuulizwa isipokuwa sisi.

Parokia iliyosubiri

Baada ya fundisho hilo, parokia jirani ilipoleta ombi la kujenga wodi ya wazazi na kisima katika zahanati ya kijiji, tuliiomba kamati yake isichimbe kwanza. Ombi letu halikuwafurahisha. Wananchi walikuwa wamekwisha fyatua matofali, na masika yalikuwa karibu.

Kamati iliomba nafasi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hoja ikaandikwa katika muhtasari wa kijiji. Mtendaji wa Kata akaiingiza katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Halafu kamati ikaomba kikao kimoja wilayani, siku moja, meza moja: ofisi ya Mkurugenzi, Mganga Mkuu, Afisa Mipango, RUWASA, TARURA na TANESCO. Haikuwa rahisi. Kikao kiliahirishwa mara mbili, na kilifanyika baada ya Mkuu wa Wilaya kuombwa aandike barua ya kuwaita.

Katika saa ya kwanza tu ya kikao lilijitokeza jambo ambalo lingetugharimu fedha nyingi. Sisi tulikuwa tumechora pampu ya kisima inayotumia umeme wa njia tatu. Mtu wa TANESCO akasema kwamba laini iliyopangwa kufika kijijini ni ya njia moja. Mtu wa RUWASA akashauri pampu ya mwanga wa jua, na akaeleza kwamba kisima kikikabidhiwa kwa chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, ofisi yake itaweza kukisimamia na kukitengeneza. Mambo haya mawili yalijulikana katika ofisi mbili zilizo mtaa mmoja. Hayakuwa yamewahi kukutana.

Kazi ilichelewa karibu mwaka mzima. Mhisani mmoja alituandikia akiuliza kama fedha zake zimelala, na tulimjibu ukweli: ndiyo, zimelala ili jengo lisije kulala. Wodi ilipokamilika, muuguzi mkunga alikuwa katika ikama na aliripoti mwezi ule ule. Maji yapo. Barabara bado ni mbaya, na wakati wa masika gari la wagonjwa hupita kwa shida. Tunalisema hilo ili msidhani tumepata dawa ya kila ugonjwa. Lakini mlango uko wazi.

Maswali mawili ya haki

Katika vikao vya maandalizi tuliulizwa maswali mawili, nayo ni ya haki.

Swali la kwanza: je, kukaa meza moja na Serikali hakutalifanya Kanisa kuwa mkia wa Serikali? Tunajibu kwamba uhusiano huu si mpya. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa walitia sahihi makubaliano kuhusu huduma za jamii, na mwaka huo huo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili kuwaunganisha. Kabla ya hapo na baada yake, hospitali kadhaa za madhehebu zimefanya kazi kama hospitali teule za wilaya. Wanaotibiwa humo ni wananchi wote, Waislamu na Wakristo na wasio na dini. Kushirikiana katika mpango hakutuzibi mdomo. Kunatupa haki ya kuuliza kwa sababu jina letu limo katika orodha, na kunatupa wajibu wa kuulizwa.

Swali la pili ni gumu zaidi: mgonjwa hangojei bajeti. Tukisubiri mwaka mzima ili ofisi zikubaliane, ni akina mama wangapi watajifungulia njiani? Ndugu zetu, swali hili limetunyima usingizi. Jibu letu si kwamba kusubiri hakuna gharama. Gharama ipo, na hulipwa na maskini. Jibu letu ni kwamba jengo lenye kufuli halimsaidii mgonjwa hata kidogo, na humwondolea pia imani yake katika mchango wa kesho. Kwa hiyo tutumie muda wa kusubiri kwa yale yasiyohitaji kibali cha mtu: kuandaa usafiri wa dharura wa kijiji, kuhimiza wajawazito kuwahi kituoni, kuchangia mfuko wa wagonjwa. Na tusukume vikao vifanyike mapema ili kusubiri kupungue.

Yapo pia mambo ambayo Serikali yenyewe imeyarahisisha, nasi hatuyatumii inavyopasa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za vituo vya afya vya umma zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kamati ya usimamizi ya kituo ina sauti katika matumizi yake. Ni waumini wangapi wa parokia zetu wamegombea kuingia katika kamati hizo? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo sasa liko kijijini.

Tunayopendekeza

Kwa sababu hiyo tunaleta mapendekezo manne mbele ya mkutano huu, na tunaomba yajadiliwe mchana bila kuoneana haya.

Kwanza, kuanzia mwaka ujao ofisi yetu isitoe fedha ya ujenzi wowote utakaokabidhiwa Serikalini mpaka ombi liwe na viambatisho viwili: nakala ya ukurasa wa mpango wa halmashauri unaotaja mradi huo, na muhtasari wa kikao cha pamoja cha ofisi zinazohusika, wenye kazi, tarehe na majina ya wanaowajibika. Tunajua baadhi ya parokia zitaumia kwa uamuzi huu. Ziko tatu ambazo tayari zina matofali.

Pili, kila kamati ya parokia imteue mjumbe mmoja wa kufuatilia kalenda ya Serikali. Kazi yake iwe kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji na kuhakikisha hoja zetu zinafika kabla ya Novemba. Si lazima awe msomi. Inatosha awe mtu anayeandika na asiyechoka kuuliza.

Tatu, na hapa tunawaelekea wahisani wetu kwa heshima: tunaomba mtupe ahadi zenu, hata kama si fedha zenyewe, kabla ya mwisho wa Septemba, ili halmashauri iweze kuziingiza katika mpango wake. Tunaomba pia sehemu ya mchango iruhusiwe kutumika kwa vikao, usafiri na ufuatiliaji. Tunafahamu kwamba hakuna anayependa kupiga picha ya kikao. Lakini kikao kile kimoja cha wilayani kiliokoa gharama ya pampu nzima.

Nne, sisi wenyewe tutaandika katika kila toleo la jarida hili orodha ya majengo yetu yote yaliyokamilika lakini hayatumiki, pamoja na sababu. Orodha ya kwanza itatoka toleo lijalo. Itatuaibisha kidogo, na huenda ikawakatisha tamaa baadhi yenu. Tumeona ni heri iwe hivyo kuliko kuendelea kuchapisha picha za mabati mapya.

Ukuta wa Nehemia

Tumalizie kwa mfano ambao wengi wenu mmewahi kuuhubiri. Nehemia alipotaka kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu, hakuanza kwa kukusanya mawe. Alimwomba mfalme barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili apite salama, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya milango. Alipofika alizunguka usiku kuukagua ukuta kwa macho yake kabla hajawaambia viongozi neno lolote. Ndipo kazi ikagawanywa. Sura ya tatu ya kitabu chake ni orodha ndefu ya majina, na wasomaji wengi huiruka kwa kuiona inachosha: fulani alijenga kipande hiki, na baada yake fulani akajenga kinachofuata. Wamo makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, na wengine waliojenga mbele ya nyumba zao. Wametajwa hata wakubwa fulani waliokataa kuinamisha shingo kwa kazi hiyo. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Sura ile inayochosha ndiyo uratibu wenyewe. Kila mtu alijua kipande chake, na alijua ni nani anaanzia pale yeye anapoishia.

Tukitoka hapa, kila kamati itembee kwenda kuukagua ukuta wake. Mkikuta jengo lenye kufuli, msitafute kwanza wa kulaumiwa. Ulizeni ofisi ipi inamsubiri nani, andikeni majina, na waiteni katika meza moja.

Mungu awabariki ninyi na kazi za mikono yenu. Tumsifu Yesu Kristo.